Kuua panzi wa malisho kwa kuvu, hatua kwa hatua

Kuvu ninayotumia ni Metarhizium acridum, adui wa panzi na nzige. Haina haraka: vifo huanza baada ya wiki moja hivi, na panzi wengine hufika wiki ya tatu. Kama nyasi zimebaki vishina, umechelewa.

1. Wahi tunutu, yaani panzi wachanga. Wakiwa hawajaota mabawa hawahami mbali, na bado wanakula kidogo. Mimi hupita malishoni kila siku chache tangu mvua zinapoanza.

2. Changanya na mafuta, si maji. Spora za kuvu hii, yaani chembe zake za uzazi, hazishikani na maji. Mafuta huzigandisha kwenye ngozi ya panzi yenye nta na kuzipenyeza kwenye viungo. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 50 za spora kwa hekta, lakini fuata lebo ya bidhaa yako. Koroga kwanza na mafuta kidogo mpaka uji mzito, ongeza yaliyobaki, kisha chuja, maana donge moja tu huziba bomba. Vaa barakoa, vumbi lake ni jepesi mno.

3. Nyunyiza jioni. Mionzi ya jua huua spora. Lowesha na nyasi pia: panzi aliyekwepa matone atazikanyaga au atazila.

4. Subiri. Hapa ndipo wengi hushindwa, wakaona panzi wanaruka siku ya tano na kukimbilia sumu. Panzi aliyeambukizwa huota jua makusudi, mwili ukapanda kukaribia nyuzi 40, na kuvu ikadumaa. Siku za mawingu hufa upesi zaidi. Basi usirudie dawa kwa hofu. Siku moja baada ya kunyunyiza, kamata panzi hamsini, waweke kwenye kizimba cha wavu chenye nyasi mbichi, na wengine hamsini kutoka eneo lisilonyunyizwa kwenye kizimba cha pili. Hesabu wafu kila siku, ulinganishe vizimba viwili. (Wa kizimbani, wakiwa kivulini, watakufa mapema kuliko wa malishoni.)

Usitegemee kuona mizoga mingi chini, kwani panzi mgonjwa huzubaa na ndege humdonoa.

5. Thibitisha. Mzoga wenye kuvu huwa mwekundu-mwekundu. Uweke kwenye chupa yenye karatasi mbichi, ufunike siku chache. Ukiota unga wa kijani, ni kuvu yako. Ukioza mweusi na kunuka, kilichomuua ni kingine.