Mtaa wenu unaogopesha? Anza na taa

Wana Mbeya, kabla hujasema mtaa umejaa vibaka, upite saa mbili usiku uhesabu taa zilizokufa, vichaka na lile pagale vijana wanakovutia bangi, maana hofu nyingi inatoka hapo hata kama hajaibiwa mtu. Kule Marekani wasomi wawili wa mambo ya uhalifu, Wilson na Kelling, waliliandika hili 1982, dirisha likivunjwa likaachwa watu wanaona hapa hapana mwenyewe (wapo wanaowabishia lakini). Sasa fyekeni, kila nyumba iwashe balbu ya nje, pagale mwenyekiti wa mtaa amtafute mwenye nalo. Halafu muulize mama ntilie na bodaboda nani kaibiwa kweli, achana na stori za WhatsApp, simu moja ikikwapuliwa Mwanjelwa mpaka habari ifike Uyole zishakuwa kumi.