Namna ya Kuipima Silaha Inayojiamulia kwa Sheria za Vita: Mwongozo kwa Walimu wa Midahalo Mtwara

Mada ya silaha zinazojiamulia ikifika kwenye mdahalo wa shule, aghalabu huangukia kwenye swali la kama mashine ina akili kumshinda binadamu, na hapo mdahalo hufa, kwa kuwa sheria za vita hazina haja na swali hilo. Sheria huuliza nani aliamua, aliamua lini, na alijua nini wakati huo. Njia ninayoitumia na wanafunzi wa sekondari hapa Mtwara imejengwa juu ya kitu ninachokiita umri wa uamuzi, yaani muda unaopita tangu mtu aamue kwamba shabaha ipigwe mpaka silaha inapoipiga.

Anza na bomu la kutegwa ardhini, usianze na roboti. Bomu hilo halina kompyuta, lakini likishategwa halimngoji mtu yeyote aliamuru, na sifa hiyo ndiyo ambayo Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu huitumia kuzitambua silaha zinazojiamulia: zikishawashwa, huchagua shabaha na kuipiga bila binadamu kuingilia kati. Ng'ambo ya Ruvuma, mabomu ya namna hiyo yalitegwa wakati wa vita vya ukombozi vya mwaka 1964 hadi 1974, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaongeza mengine, na Msumbiji ilikuja kutangazwa kuwa imesafishwa mwaka 2015. Waambie wanafunzi wapige hesabu: askari akitega bomu mwaka 1970, na mtoto akalikanyaga mwaka 1990, uamuzi uliomlemaza una umri wa miaka 20, na aliyeuamua hakumjua mtoto huyo wala hakujua kwamba vita vyake vitakuwa vimekwisha. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1997 uliyapiga marufuku mabomu yanayolenga watu. Mara nyingi mwanafunzi mmoja atawataja panya buku wanaofunzwa Morogoro kunusa mabomu. Mwache aseme, kwa sababu kazi ile ya kunusa ardhi hatua kwa hatua inaonyesha gharama ya kuufuta uamuzi uliokwisha kuzeeka.

Baada ya hapo leta droni inayorandaranda angani ikitafuta shabaha. Mfano unaotajwa sana ni Kargu-2 iliyotengenezwa Uturuki, ambayo wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliiandika katika ripoti yao ya mwaka 2021 kuhusu Libya. Ripoti hiyo haikuthibitisha kwamba kuna mtu fulani aliyeuawa na droni hiyo ikijiendesha yenyewe, kwa hiyo mwanafunzi anayedai hivyo mrudishe kwenye kilichoandikwa.

Sasa pima kwa kanuni ya kutofautisha, na hapa usiharakishe. Itifaki ya Nyongeza ya Kwanza ya mwaka 1977, iliyoongezwa kwenye Mikataba ya Geneva ya sheria za vita, inaamuru raia watofautishwe na wapiganaji wakati wote, na inaongeza kwamba penye shaka mtu ahesabiwe kuwa raia. Wape wanafunzi mfano wanaouishi: alfajiri katika uwanda wa Makonde, wanaume sita wanatembea kwa mstari, kila mmoja na panga lake, wakienda kupalilia mikorosho. Mtu aliyekulia hapa hahitaji kuambiwa ni wakulima, ila kifaa kilichofunzwa kwa picha za mahali pengine kitaona watu sita, chuma na mwendo wa pamoja. Waulize ni nani aliyeifundisha mashine maana ya panga katika msimu wa palizi, na mashine ikiwa na shaka, shaka hiyo hupimwaje na humfikia nani. Kisha mwambie mwanafunzi mmoja anyanyue mikono ajisalimishe, kwa kuwa Ibara ya 41 ya Itifaki hiyo inakataza kumshambulia aliyejisalimisha au aliyezidiwa na majeraha, nao waeleze ni kwa alama gani mashine ingelitambua hilo gizani.

Kanuni ya uwiano huwachanganya wengi. Haisemi kwamba raia asiguswe kabisa. Inakataza shambulio ambalo madhara yake kwa raia yanatarajiwa kuzidi kupita kiasi manufaa ya kijeshi yanayotazamiwa. Ghala lililokuwa tupu jana laweza leo kuwa na wakulima waliopanga foleni na magunia ya korosho, na mizani iliyopimwa jana haifai tena. Ndiyo maana kanuni ya tahadhari inadai shambulio lisimamishwe pindi hali inapobadilika, na swali la kumpa mwanafunzi ni moja: baada ya silaha kurushwa, nani anaweza kuisimamisha, na ana dakika ngapi?

Kwa wajibu, chora safu ubaoni: mtengenezaji, jeshi lililoipima silaha kama Ibara ya 36 ya Itifaki ile inavyotaka, kamanda, na askari aliyeiwasha. Kila uamuzi uandikiwe mwenyewe na umri wake, na penye kukosa mwenyewe paachwe wazi, pasijazwe neno "mashine", kwa maana mashine haipelekwi mahakamani.

Ukiwa shule iliyo karibu na mto Ruvuma, uwe na tahadhari. Kijiji cha Kitaya, kilicho mpakani hapa Mtwara, kilishambuliwa Oktoba 2020, na darasani mwako anaweza kuwepo mtoto aliyefiwa; usimtake mtu asimulie.

Mwisho wagawe wanafunzi watetee upande mmoja wapo. Desemba 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio kuhusu silaha hizi kwa kura 152 dhidi ya 4, huku Katibu Mkuu wake na rais wa Msalaba Mwekundu wakiwa wamezihimiza nchi zikamilishe mkataba kufikia mwaka 2026. Upande mmoja useme sheria zilizopo zinatosha, mwingine useme unahitajika mkataba mpya, na kila msemaji alazimike kuonyesha kwa kidole nafasi zilizobaki wazi ubaoni na kusema atazijaza kwa jina la nani.