Unataka kujenga nyumba bichi Mtwara au Lindi? Anza na upepo, ramani baadae

Haupiti muda bila mtu kunisogezea simu yake ina picha kaitoa mtandaoni, nyumba vioo kuanzia chini mpaka juu, paa la kuficha nyuma ya ukuta, kuta nyeupe pee, ananiambia fundi mi nataka kama hii, kiwanja changu kipo Msimbati. Nyumba nzuri sikatai, ila hiyo picha haina upepo wala haina chumvi, na we unaenda kuishi na vyote viwili.

Sasa kama kiwanja unacho tayari usikimbilie kwa mchora ramani. Beba mkeka ukakae pale, ikiwezekana ulale kabisa. Nenda siku za bamvua, zile bahari inajaa kupita kawaida, maji yakijaa uone yanaishia wapi alafu piga kigingi, usiende siku za maji mafu, bahari haijai sana, ukajidanganya bahari ipo mbali. Kuanzia ufukweni sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 zisiwe na shughuli ya kudumu, na anayekuuzia kiwanja mara nyingi hiyo anaipitia juujuu, kwaiyo kamba ya kupimia nenda nayo mwenyewe. Hizo mita wala hujazipoteza, acha minazi, panda mivinje, na kama kuna mikoko usiiguse maana ndo inayoshika ardhi yako.

Haya, upepo. Huku kwetu tuna kusi, kwenye Mei mpaka Septemba hivi, na kaskazi kuanzia Desemba mpaka Machi. Kaa utazame bahari upande wa mashariki, kusi itakupiga bega la kulia, kaskazi itakupiga la kushoto. Ukishalielewa hilo umeshapata nusu ya ramani. Nyumba iwe ndefu na nyembamba, chumba kimoja tu kwenda ndani, ili upepo unaoingia dirisha la baharini utokee dirisha la nyuma bila kukutana na ukuta, maana dirisha moja peke yake hata liwe kubwa kama geti halileti upepo, upepo ukikosa pa kutokea hauingii. Juu ya milango acha matundu, hata usiku mkifunga hewa inatembea. Jiko, stoo na vyoo vipeleke magharibi, ila visizibe madirisha ya nyuma, kwanza moshi na harufu havirudi sebuleni, pili vyumba hivyo vinakula lile jua la saa tisa mchana badala ya chumba chako cha kulala. Ukuta wa kaskazini nao usiusahau, kwenye Juni jua linalalia huko.

Tembea Mikindani, mji wa zamani hapo Mtwara, uangalie majumba ya zamani, kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, baraza mbele, ukiingia ndani unasikia ubaridi. Boma lile la Wajerumani la 1895 lipo mpaka leo. Sikwambii ujenge gofu, nakwambia kivuli na baraza watu wa pwani walishavifikiria kabla yetu.

Paa la kuficha kwa bichi mimi silipendi, na mteja aking'ang'ania namwambia atafute fundi mwingine. Halina kivuli kwa ukuta, mvua inapiga madirisha moja kwa moja, alafu maji yanapita kwenye mfereji uliojificha ambao majani ya mvinje yakiuziba unavujia ndani. Paa liwe la kuonekana, litoke nje ya ukuta karibu mita 1, na upande wa bahari veranda pana watu walale mchana. Bati chukua la alminiamu, ila usilipigilie misumari ya chuma ya kawaida, pale zinapogusana ndo panaanza kuliwa. Kenchi zifungwe kwa mikanda ya chuma iliyozamishwa kwenye zege la juu ya ukuta, usitegemee misumari tu. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilivyopiga Msumbiji hapo jirani, huku tulikaa roho juu.

Chumvi sasa. Nimeona nyumba ya jamaa mmoja, nguzo za veranda zimepasuka kwa urefu, nondo imevimba kutu mpaka imesukuma zege nje, kumbe walichota mchanga hapohapo ufukweni kuokoa hela ya lori. Mchanga wa bahari usiingie kwenye zege wala plasta, maji ya kukorogea na ya kumwagilia yawe yasiyo na chumvi, na nondo ifunikwe na zege sentimita 5 kila upande. Hapo simama mwenyewe siku ya kumwaga, fundi akiona umeondoka nondo inalala chini kwenye mbao. Bawaba na vitasa nunua vya shaba au stenlesi, vingine utabadilisha kila siku.

Maji ya kunywa usitegemee kisima, ukikivuta sana chumvi inapanda. Vuna mvua, hesabu yenyewe rahisi, paa la mita za mraba 120 likinyeshewa milimita 10 linakupa lita 1200 hivi, na mvua zetu zikishakata kwenye Aprili au Mei hapo ni ukavu mpaka mwisho wa mwaka, kwaiyo simtank moja ya lita 2000 ni utani, jenga tanki chini ya jamvi la veranda kabla hujamwaga zege. Na shimo la choo likae mbali nalo, upande wa nyuma kule.