Jinsi ya kuisuka upya kozi moja ya uhandisi ili mhitimu aweze kuhama kazi

Chuo kinapotaka kwenda na wakati, cha kwanza kuletwa mezani huwa ni somo jipya: akili mnemba, data, roboti. Somo linaongezwa, ya zamani yanabaki yote, na mwanafunzi anazidishiwa mzigo. Lakini programu anayojifunza leo huenda isitumike tena miaka michache baada ya kuhitimu. Anachohama nacho kutoka ajira moja hadi nyingine ni uwezo wa kukokotoa, kupima, kugundua kwamba kipimo kimepingana na hesabu, na kujua pa kutafuta sababu. Huo haujengwi kwa kuongeza somo. Chukua kozi moja ya mwaka wa pili, yenye muhula wa wiki 14, uanzie hapo.

Anza kwa kupunguza. Andika mada zote za kozi, na kando ya kila moja jibu maswali mawili: je, kuna kozi inayofuata inayoitegemea? Je, mwanafunzi anaweza kuisoma mwenyewe kwa saa moja akiihitaji? Mada isiyotegemewa na kozi yoyote, na inayosomeka bila mwalimu, itoke. Lenga kuondoa moja ya tano ya vipindi. Hatua hii ndiyo yenye ubishi mkali, kwa sababu kila mada ina mhadhiri anayeipenda, lakini mradi uliopachikwa juu ya ratiba iliyojaa utafanywa usiku wa mwisho.

Usiguse misingi: mizania ya nishati (hesabu ya nishati inayoingia na inayotoka), sheria za Kirchhoff (za mkondo na volti katika saketi), vizio vya vipimo. Mwaka 1999 chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichotumwa na NASA kwenye sayari ya Mirihi, kilipotea kwa sababu programu moja ilitoa matokeo kwa vizio vya Kiingereza (pauni za nguvu kwa sekunde) na nyingine ikayasoma kama nyutoni-sekunde, kizio cha mfumo wa kimataifa.

Kisha tafuta kazi moja inayolazimisha masomo matatu yakutane. Tunapendekeza boksi la joto thabiti, kwa timu za watu wanne. Vifaa: boksi la povu gumu lenye pande za sentimita 20 na unene wa sentimita 2, rezista ya ohmu 10 inayohimili wati 25 (ndiyo hita), umeme wa volti 12 wenye uwezo wa ampea 2, feni ndogo isiyofika wati 2, thamista (kipima joto ambacho ukinzani wake hubadilika na joto) ya kiloohmu 10 na rezista nyingine ya thamani hiyo hiyo ya kuungwa nayo mfululizo, transista ya MOSFET (swichi ya kielektroniki ya hita), maikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja), na fyuzi ya joto, inayokata umeme joto likizidi. Lengo ni hewa ya ndani ikae nyuzi 20 juu ya joto la chumba. Rezista ifungwe kwenye bamba la alumini lililoinuliwa mbali na kuta, maana povu hulainika likikaribia nyuzi 100.

Wiki mbili za kwanza ni karatasi tu. Kwa volti 12 rezista inatoa wati 14.4. Povu likipitisha joto wati 0.035 kwa mita kwa nyuzi, kuta zenye eneo la mita za mraba 0.24 zinapoteza karibu wati 8.4 kwa tofauti ya nyuzi 20. Kwa hiyo hita inatosha. Wiki ya tatu hadi ya tano wanawasha bila udhibiti wowote, wanapima na kulinganisha. Hapa ndipo penye mafunzo makubwa kuliko kozi nzima, basi usiharakishe. Hesabu ile haikuhesabu tabaka la hewa tulivu linalonata kwenye nyuso za kuta, ambalo hupunguza upotevu. Wala haikuhesabu mianya ya kifuniko, inayouongeza. Feni nayo inapasha joto, na wengi huisahau. Kila timu iandike tofauti iliyopata na ithibitishe sababu kwa kipimo kingine.

Wiki ya sita hadi ya tisa ni udhibiti: maikrokontrola isome thamista na kuiendesha hita kupitia MOSFET. Matatizo yanayojirudia ni haya. MOSFET isipowaka, mara nyingi graundi (upande wa volti sifuri) ya maikrokontrola haijaungwa na ya umeme wa volti 12. Ikiwaka lakini inachemka, haifunguki vizuri kwa volti 3.3 au 5 inayopewa. Chagua ile ambayo mtengenezaji ameitaja kwa volti hizo. Thamista ikiwa kwenye nyuzi 25, kiungo kati yake na rezista mwenzake kisome nusu ya volti zinazoingia kwenye saketi hiyo. Kisiposoma hivyo, kagua waya kabla ya kugusa programu. Joto likipitiliza na kukawia kushuka, programu imelimbikiza kosa (tofauti kati ya joto linalotakiwa na lililopo) wakati hita ilikuwa tayari imefika kikomo, na boksi halina kipoozi cha kulishusha joto.

Wiki ya kumi badilisha masharti bila kutangaza mapema: umeme sasa ni volti 8. Rezista inabaki na wati 6.4, na hesabu ya karatasi inasema hazitoshi. Timu iliyopima upotevu halisi wa boksi lake itajua ndani ya saa moja kama inahitaji kuongeza povu, kubadili rezista, au kutofanya chochote. Ambayo haikupima itabomoa na kujenga upya kwa kubahatisha.

Majukumu yazunguke kila wiki tatu, la sivyo anayejua programu ataandika programu muhula mzima na mwenziwe atashika bisibisi tu. Akili mnemba iruhusiwe kwa sharti kwamba daftari la vipimo lionyeshe swali lililoulizwa, jibu lililotolewa, na kipimo au hesabu iliyotumika kulihakiki.

Alama zinaamua kama haya yote yatafanyika. Tunashauri mtihani wa maandishi asilimia 40, mahojiano ya mtu mmoja mmoja 25, daftari la vipimo 20, na boksi lenyewe 15 tu. Boksi likibeba alama nyingi, wanafunzi huficha makosa badala ya kuyachunguza. Mahojiano ya dakika 10 kwa wanafunzi 60 ni saa 10. Wahadhiri wawili wakigawana, kila mmoja anamaliza kwa saa tano. Chagua ukurasa wowote wa daftari, muulize mwanafunzi namba fulani imetoka wapi na angefanya nini ingekuwa mara mbili yake.