Kuuza MGB iliyoliwa na kutu kama gari la spea

Mimi ni fundi wa magari, mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na makazi yangu sasa ni Coventry. Mjane wa jirani yangu aliniomba nimuuzie MGB (gari dogo la kispoti la Kiingereza) ya marehemu mumewe: ya wazi, ya mwaka 1970, imelala bandani miaka mingi.

Kwanza hakikisha kweli imekwisha. MGB haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo chesisi, na nguvu zake ziko kwenye vizingiti, yale maboksi ya chuma chini ya milango. Tena hii haina paa la kusaidia. Piga jeki ubavuni, kisha tazama upenyo wa mlango. Ukibadilika, au mlango ukikataa kufunga, kizingiti kimeoza. Pitisha na sumaku iliyofungwa kitambaa: isiposhika, hapo ni fila tu, ile lipu ya kuziba matundu. Kwa gari la mama huyu sikuhitaji sumaku. Jeki ilitoboa chuma ikazama ndani.

Basi sema hivyo tangu mstari wa kwanza wa tangazo: gari la spea. Usiandike "linatengenezeka". Kijana atakuja na akiba yake yote, na wewe unajua.

Halafu tafuta kilicho hai. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye silinda, acha ilale hadi kesho, weka gia ya nne, sukuma gari. Injini ile ya cc 1798 ikizunguka, irekodi kwa video. Kabureta mbili za aina ya SU, giaboksi yenye ovadraivu (gia ya ziada ya mwendo wa kasi), bampa za kromu, fremu ya kioo cha mbele na vyuma vya turubai vina wenyewe wanaovitafuta. Ringi za spoku zijaribu: mwenzako akanyage breki, wewe utikise gurudumu mbele na nyuma. Likigonga, meno ya habu yamelika, na bei inashuka.

Uza zima. Niliwahi kuchomoa kabureta na ringi za gari jingine nikaziuza kwanza. Gamba lilinikalia msimu mzima wa baridi, hakuna wa kulibeba. Andika kila spea na bei ambayo nyingine kama hiyo imeuzwa kweli, jumlisha, kata nusu. Nusu ile ni jasho la atakayefungua nati. Jaza upepo matairi, gari lisukumike hadi kwenye trela.

Kibao cha namba ya chesisi kiondoke na gari lake, na DVLA, ofisi ya usajili wa magari, wajulishwe siku hiyo hiyo. Akija wa chuma chakavu na noti mkononi, kataa: hapa Uingereza sheria ya 2013 inamkataza kulipa taslimu.

Mama alitaka kubaki na nembo ya pembe nane ya grili. Niliitoa kabla ya kupiga picha, mnunuzi asije akahesabu kitu asichopewa.