Kuunganisha ruta mbili bila waya: kutoka nyumba kubwa hadi vyumba vya uani

Nyumba nyingi za Njiro na Sakina za Arusha, au Soweto ya Moshi, zimekaa hivi: nyumba kubwa mbele, vyumba vya uani nyuma, na katikati ua wa mita 15 hadi 25. Intaneti imefungwa sebuleni. Huku uani simu inaonyesha kijimstari kimoja cha waifai na hakuna kinachofunguka. Tiba yake ni ruta ya pili inayodaka mtandao hewani kutoka ile ya kwanza na kuugawa huko nyuma. Mfumo huo unaitwa WDS (Wireless Distribution System), na upo hata kwenye ruta za bei ya chini kama TP-Link TL-WR841N. Hapa chini tutaiita ya sebuleni ruta mama, na ya uani ruta mtoto.

Tuseme ukweli kwanza: waya ni bora. Waya wa mtandao wa aina ya Cat 5e unafika mita 100 na kasi haipungui, kwa hiyo ndani ya jengo moja pitisha waya uachane na haya yote. Shida ni kati ya majengo mawili. Waya wa shaba ukining'inia juu ya ua hudaka msukumo wa umeme radi inapopiga jirani, na masika ikikolea unakuta matundu ya LAN, yale ya kuchomeka waya wa mtandao, yameungua pande zote mbili. Hapo ndipo hewa inaposhinda.

Unahitaji ruta mtoto yenye WDS, kipande kifupi cha waya wa mtandao, laptopu, na simu ya Android yenye programu yoyote ya kupima nguvu ya waifai kwa dBm, yaani kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kama ruta mtoto ni ya mtumba, soma kibandiko cha chini kabla ya kuchomeka adapta. Kuna ruta za volti 9 na za volti 12, na vichwa vya adapta zake mara nyingi vinafanana. Adapta ya 12 kwenye ruta ya 9 inaweza kuiua papo hapo.

Hatua ya 1: Tafuta mahali

Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, kabla hata ruta haijawashwa. Watu huiweka ruta mtoto pale mtandao ulipokufa, kisha wanashangaa haifanyi kazi. Ruta mtoto haizalishi intaneti. Inagawa ile inayoipata. Iweke pale ambapo mtandao wa ruta mama bado una nguvu.

Tembea na simu kutoka sebuleni kuelekea uani ukisoma namba. Zote ni hasi: -50 ni nzuri sana, -65 ndio mpaka wa kuridhisha, -75 usijisumbue. Mara nyingi pa kuiweka ni dirisha la kwanza la uani linalotazama nyumba kubwa, au hata dirisha la nyuma la nyumba kubwa yenyewe. Usitosheke na kipimo cha sekunde mbili. Simama dakika nzima, maana namba hupanda na kushuka.

Angalia kilicho katikati. Ukuta mmoja wa tofali za bloku unapitika, mitatu ni mtihani. Bati halipitiki, linarudisha mawimbi yalikotoka, kwa hiyo banda la mabati lililo katikati ya ua ni ukuta kamili. Maji nayo hunywa mawimbi ya 2.4 GHz: tangi la lita 1,000 likijaa linaziba njia, na migomba minene, ambayo karibu yote ni maji, hufanya vivyo hivyo. Hii ndiyo sababu kwenye vihamba (mashamba ya migomba yanayozunguka nyumba) vya Kibosho au Machame mita 20 ni mbali kuliko mita 40 za uwanja mtupu. Ukihamisha ruta hatua mbili pembeni mstari ukapita nje ya tangi, unaweza kushangaa tofauti.

Antena zisimamishe wima, kote kuwili. Mawimbi hutoka ubavuni mwa antena, si nchani, hivyo kuielekeza ncha kwa ruta mama kama unanyoosha kidole ni kuyanyima njia.

Hatua ya 2: Andaa ruta mama

Ingia kwenye ukurasa wake kwa kuandika anwani yake kwenye kivinjari, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, baadhi ya vifaa vya faiba vya Huawei hutumia 192.168.100.1. Fanya mambo matatu upande wa 2.4 GHz. Chaneli, yaani njia ya redio inayotumia, itoe kwenye Auto (ruta kujichagulia) uifunge kwenye 1, 6 au 11, ile yenye majirani wachache. Upana wa chaneli weka 20 MHz. Ulinzi weka WPA2-PSK na AES, kwani ruta mtoto ya zamani haielewi ulinzi mpya wa WPA3.

Kisha tazama DHCP, yaani sehemu inayogawa anwani kwa vifaa. Kama namba ya mwisho ya anwani inafika 254, ipunguze iishie 250. Tunaiachia ruta mtoto namba ambayo hakuna simu itakayopewa.

Hatua ya 3: Badilisha anwani ya ruta mtoto

Shikilia kitufe cha RESET sekunde 10 irudi kama ilivyotoka kiwandani. Chomeka waya kutoka laptopu hadi tundu la LAN. Tundu la WAN, lile la kuingizia intaneti lenye rangi tofauti, halitumiki kabisa katika kazi hii.

Zima waifai ya laptopu. Usiruke hili: ruta zote mbili zinaweza kuwa na 192.168.0.1, na laptopu ikiwa bado imeshika waifai ya sebuleni utafungua ruta mama na kuivuruga ukidhani ni mtoto.

Ingia, fungua menyu ya Network kisha LAN, badilisha anwani iwe 192.168.0.253. Namba tatu za mwanzo zifanane na za ruta mama. Kama mama ni 192.168.100.1, mtoto awe 192.168.100.253. Ruta itajiwasha upya, nawe uingie tena kwa anwani mpya.

Hatua ya 4: Washa WDS

Kwenye Wireless Settings weka chaneli ileile ya ruta mama, tiki Enable WDS Bridging, bonyeza Survey. Orodha ikija chagua mtandao wako, andika nenosiri la ruta mama, hifadhi. Waifai ya ruta mtoto ipe jina lake kwa sasa, mfano "Uani", ujue simu imeshika ipi wakati wa kujaribu.

Fungua Status. Mstari wa WDS utapita Init, Scan, Auth, kisha Run. Run ndiyo tunayoitaka. Ikiganda kwenye Scan, chaneli haifanani au umbali umezidi. Ikiganda kwenye Auth, nenosiri au aina ya ulinzi imekosewa.

Hatua ya 5: Zima DHCP ya ruta mtoto

Iwe ya mwisho, baada ya kuona Run. Ruta mbili zikigawa anwani kwa pamoja, simu moja inapata intaneti na nyingine haipati, na kesho zinabadilishana. Ukiizima mapema unajifungia nje: laptopu itajipa anwani inayoanza na 169.254. Ikitokea, ipe mwenyewe 192.168.0.50 na 255.255.255.0, utaingia tena.

Hatua ya 6: Jaribu kwa mpangilio

Ukiwa kwenye "Uani", piga ping (amri ya kuuliza kifaa kama kipo) 192.168.0.253. Ikijibu, ruta mtoto ni nzima. Piga 192.168.0.1, ikijibu, daraja la hewani limeshika. Piga 8.8.8.8, isipojibu, shida iko kwa mtoa huduma au bando limekwisha, acha kugusa ruta mtoto.

Kama Status inasema Run lakini simu hazipati anwani, na ruta ni za kampuni tofauti, WDS zao hazielewani. Haina kiwango kimoja kwa watengenezaji wote. Tumia modi ya Repeater, yaani ya kurudia mawimbi ya ruta mama, kama ruta mtoto inayo.

Kasi itashuka karibu nusu, kwa kuwa redio moja inapokea na kutuma kwa zamu. Kwa kifurushi cha Mbps 10 au 20 huenda usihisi. Kwa cha 100 utahisi sana.

Daraja likifa kila umeme unapokatika na kurudi, karibu kila mara ruta mama imeachwa Auto na imeamkia chaneli nyingine. Na ukinunua UPS ndogo ya ruta, yaani betri ya kuiwasha umeme ukikatika, nunua mbili. Ya sebuleni peke yake haimsaidii aliye uani.