Jinsi ya kupima pengo la malipo kati ya mawakili wanawake na wanaume ofisini kwenu

Kila ninapoitwa na ofisi ya mawakili kukagua malipo yake, kwanza naoneshwa orodha ya mishahara. Naambiwa, "Angalia mwenyewe, wote wa daraja moja wanalipwa sawa." Mara nyingi ni kweli. Mshahara wa mwezi unaonekana na kila mtu, kwa hiyo ndio wa kwanza kusawazishwa. Pengo lenyewe limejificha kwenye bonasi, kwenye mgao wa faida, na zaidi ya yote kwenye fomu ya kufungulia jalada la mteja. Utaratibu ninaoutumia ni huu. Ofisi ya mawakili kumi haitakuchukua zaidi ya siku mbili.

Hatua ya 1: Pata ruhusa, kisha kusanya malipo yote

Ruhusa iwe ya maandishi. Malipo ni siri za watu, na ukaguzi ulioanza kwa kuchungulia hauaminiki tena hata kama hesabu zake ni sahihi. Kwa kila wakili andika jinsia, mwaka alioapishwa, daraja, mshahara, marupurupu, bonasi na mgao. Futa majina, weka namba.

Washirika, yaani mawakili wanaomiliki ofisi kwa pamoja, usiwaache nje. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2017 zinawataka waajiri wenye wafanyakazi 250 au zaidi watangaze pengo lao, lakini washirika hawahesabiwi kwa kuwa wao wanagawana faida, hawalipwi mshahara. Ofisi kadhaa kubwa zilipoamua zenyewe kuwahesabu, pengo lilipanuka. Fedha nyingi ziko huko juu, na huko juu ndiko wanawake walikopungua.

Hatua ya 2: Piga hesabu mbili

Tafuta wastani, kisha namba ya kati, yaani ile inayokaa katikati ukishapanga malipo kuanzia dogo hadi kubwa. Tuchukue mfano wa wanawake watano wenye malipo ya 62, 66, 70, 76 na 86, na wanaume wanne wenye 64, 72, 88 na 136. Wastani wa wanawake ni 72, wa wanaume 90. Toa, gawanya kwa 90: pengo ni asilimia 20. Kwa namba ya kati, wanawake wana 70 na wanaume 80 (wakiwa wanne, chukua wastani wa wawili wa katikati, 72 na 88), pengo asilimia 12.5.

Mtu atakwambia wastani umevutwa juu na yule mmoja wa 136, umwondoe. Usimwondoe. Uliza kwa nini nafasi yake haijawahi kukaliwa na mwanamke.

Katika ripoti, usichanganye pengo hili na dai la kisheria la malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, msingi uliowekwa na Mkataba Na. 100 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1951. Dai hilo linalinganisha kazi na kazi. Pengo linalinganisha makundi. Ukivichanganya, washirika watajibu kwamba hakuna sheria iliyovunjwa, na kikao kitaishia hapo.

Hatua ya 3: Fungua majalada

Hapa tenga siku nzima. Chukua majalada yote ya miaka mitatu, na kwa kila moja andika mambo manne: nani ameandikwa kuwa ndiye aliyemleta mteja, nani alifanya kazi, ada iliyolipwa, na saa ngapi za kazi zilifutwa, yaani mteja hakutozwa, kabla ya ankara kutoka.

Ile nafasi ya "aliyemleta mteja" ndiyo inayoamua bonasi katika ofisi nyingi. Nikiwa na miaka miwili tu kazini, nilipokea simu ya mfanyabiashara mmoja jioni wenzangu wakiwa wameshaondoka. Nilimsikiliza saa nzima, kesho yake akaja na nyaraka zake. Jalada lilipofunguliwa, fomu ilikuwa na mstari mmoja tu, na kwenye mstari huo likaandikwa jina la mkubwa wangu, kwa maelezo kwamba mteja alikuja "kwa sababu ya jina la ofisi". Nilimhudumia mteja yule miaka minne. Bonasi yake sikuiona hata mara moja.

Kwa hiyo usiishie kuhesabu majina kwenye mstari ule. Soma barua pepe ya kwanza ya mteja: alimwandikia nani? Soma na majalada yaliyorithiwa pale mshirika alipostaafu, uone yalikwenda kwa nani. Nimeona majalada manono yakikabidhiwa kwa neno moja la mdomo, huku wanawake wakigawiwa kuandika muhtasari wa vikao, kulea mawakili wanafunzi na kupanga semina, kazi ambazo hazina ankara.

Hatua ya 4: Kagua lengo la saa

Ni fupi, lakini usiiruke. Tuseme lengo la mwaka ni saa 1,800 za kutozwa ada. Wakili aliyekuwa likizo ya uzazi miezi minne anastahili kupimwa kwa saa 1,200. Akiwa na 1,250 amevuka lengo. Ofisi nyingi bado zinampima kwa 1,800, zinamwandika ameshindwa, na alama hiyo inamfuata hadi siku ya kujadili ushirika.

Hatua ya 5: Peleka mapendekezo matatu tu

Ukipeleka kumi, litachukuliwa lile jepesi. Mimi hupeleka haya: fomu ya jalada iruhusu kugawana sifa ya mteja kwa asilimia, na kila aliyetajwa atie saini, lengo la saa lipunguzwe kwa uwiano wa likizo, na waombaji kazi wasiulizwe mshahara wao wa zamani, maana swali hilo huhamisha pengo kutoka ofisi moja hadi nyingine. Umoja wa Ulaya umeshalipiga marufuku swali hilo katika Agizo la mwaka 2023 kuhusu uwazi wa malipo.

Washirika wakikubali, tarehe ya ukaguzi ujao iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao kabla hawajainuka.